Laini za Marehemu

Ng'ombe wa Yoeli Sumari hakuwa na habari na Ujerumani. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alitaka pumba zake na akamuliwe, basi, na pumba zikichelewa alikuwa na tabia ya kuipiga ndoo teke. Ndiyo maana simu ilipotetemeka ndani ya koti asubuhi ile ya Alhamisi, Yoeli hakuigusa. Aliendelea kukamua, paji la uso ameliegemeza ubavuni mwa ng'ombe. Pumba zilikuwa zimepanda bei tena pale Kikatiti, mara ya tatu tangu Pasaka, kwa hiyo ng'ombe alikuwa anakula nusu ya kipimo chake na kujaziwa mgomba uliokatwakatwa. Maziwa nayo yalikuwa yamepungua. Hapo hapakuhitajika daktari wa mifugo.

Alipomaliza kuchuja maziwa na kuyamimina kwenye kidumu, akafuta mikono, akafungua simu. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka namba ya Lucky, binti wa Usa River aliyekwenda Ujerumani pamoja na Evelyn wake. Lakini aliyeongea hakuwa Lucky.

"Shikamoo baba. Ni mimi Evelyn. Usishtuke, siumwi. Ila nina shida, baba, na leo ndiyo mwisho."

Yoeli aliusikiliza ujumbe huo mara mbili palepale bandani. Evelyn alikuwa amemaliza mwaka wake wa kujitolea, ule uliopatikana kupitia urafiki wa usharika wao na kanisa la huko, na sasa alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika mji mwingine. Amehamia chumba kipya kisicho na intaneti. Fundi ameahidi kuja baada ya wiki sita. Simu yake ilidondoka relini Jumatatu, treni ikapita juu yake. Laini mpya ya kule hawauzi bila pasi ya kusafiria, na pasi iko ofisi ya uhamiaji inangoja mkataba wa chuo. Mkataba umetumwa kwenye imeli yake, anatakiwa kuufungua na kuusaini kabla ya saa sita mchana ya kule, yaani saa saba ya Arusha. Na imeli imegoma kufunguka kwenye simu ngeni mpaka iletewe namba sita za uthibitisho. Namba hizo zinatumwa kwenye laini yake ya nyumbani.

"Nimeenda mpaka chuoni baba, nimemkuta mama wa ofisini. Anasema nikitaka kubadilisha imeli niombe kwa kutumia imeli hiyohiyo. Nikamwambia haifunguki. Akasema ndiyo utaratibu. Nisipojibu leo, nafasi anapewa anayefuata, na kibali changu kinaisha mwisho wa mwezi. Baba, ile laini niliiacha kwenye kopo la nyuzi la mama. Iweke tu kwenye simu. Zikija namba, nisomee. Niko hapa kwa Lucky, sibanduki."

Kopo la nyuzi lilikuwa juu ya kabati, mahali pake pa siku zote. Tangu Ruth azikwe, mwaka jana wakati wa Kwaresima, hakuna aliyelifungua ila Evelyn siku ile ya kuondoka. Laini ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha daftari, namba imeandikwa juu kwa mwandiko wa mtoto aliyefundishwa kuandika na mama yake. Yoeli aliichomeka kwenye simu, akangoja. Simu ikaandika: Hakuna huduma.

Hakuogopa bado. Laini ikikaa bila kuongezwa salio hulala, kila mtu anajua, na iliyolala huamshwa. Kila siku kidumu cha maziwa alikuwa anamkabidhi kondakta akifikishe Kaloleni kwenye mgahawa wa Godbless. Leo alipanda nacho mwenyewe. Alichukua kitambulisho chake, akachukua na bahasha ya kaki yenye vyeti vyote vya nyumba ile, kwa sababu alikuwa mtu wa kwenda ofisini na karatasi kamili.

Duka la kampuni ya simu mjini lilikuwa linafunguliwa saa mbili. Alifika saa mbili na dakika kumi, akakuta watu wamejaa hadi mlangoni. Mlinzi alimwangalia, akakiangalia kidumu.

"Mzee, hicho hakiingii."

"Ni maziwa, kijana wangu."

"Naona. Vimiminika haviruhusiwi. Ni maagizo."

"Nikiacha nje jua litayaharibu."

"Yaweke hapa chini ya kiti changu. Mimi sinywi maziwa."

Akayaweka. Alipewa namba ya foleni, themanini na saba, akakaa kwenye benchi la chuma chini ya bango kubwa la mwanamke anayetabasamu, kidole ameweka midomoni. Bango liliandikwa: USIMPE MTU YEYOTE NAMBA ZAKO ZA SIRI, HATA AKISEMA NI MFANYAKAZI WETU. Walipofika namba arobaini na moja, mtandao ukakatika. Ndiyo, mtandao wa hukohuko wanakouza mtandao. Wahudumu waliegemea viti vyao, watu wakashika tama, na kwa saa nzima hakuna aliyehudumiwa.

Godbless alipiga simu saa nne. "Mzee Sumari, maziwa yangu yako wapi? Hapa watu nawanywesha chai ya rangi kama msibani."

"Niko mjini, baba. Nakuja. Nina shida ya mtoto."

"Kila mtu ana shida ya mtoto," alisema Godbless, akakata.

Ilikuwa saa sita kasorobo namba yake ilipoitwa. Mhudumu aliitwa Naisula, jina lilikuwa kifuani. Binti mwenye adabu, macho yamechoka tangu asubuhi.

"Shikamoo baba. Nikusaidie nini?"

"Marahaba mwanangu. Laini imelala. Ni ya binti yangu, yuko nje ya nchi. Naomba uiamshe."

Akaichukua ile karatasi ya daftari yenye namba, akaiingiza kwenye kompyuta, akasoma. Kisha akasoma tena, na Yoeli akaona sura yake ikibadilika kidogo.

"Baba, hii haijalala. Ilifungwa. Mwenye laini alikuwa Ruth Yoeli Sumari."

"Huyo ni mke wangu. Ni marehemu."

"Pole sana. Ndiyo, hapa imeandikwa marehemu." Akageuza kioo kidogo ili mzee aone mwenyewe. Kwenye kona ilikuwepo picha ya Ruth, ile ya kitambulisho, ambayo Ruth mwenyewe aliichukia akisema wamempiga kama mwizi wa kuku. Yoeli hakuwa amejiandaa kuiona. Akashika ukingo wa meza. "Ilifungwa mwezi wa pili. Aliyeomba ifungwe ni... Yoeli Sumari. Ni wewe, baba?"

Alikuwa yeye. Mwezi wa pili, Jumapili moja baada ya ibada, mtendaji wa kata alisimama mbele ya kanisa akatangaza kwamba matapeli wanatumia laini za marehemu kuibia watu, na mwenye marehemu wake akazifunge. Waumini waliitikia kwa vichwa, wakaenda zao kula. Yoeli alikuwa mzee wa kanisa. Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza mezani pa mawakala wa kampuni ya simu waliokuja kata, cheti cha kifo kiko kwenye bahasha. Alijisikia vizuri siku ile, hakuna haja ya kuficha. Alijisikia kama amefagia kaburi.

"Mimi nilifunga laini ya mama," alisema. "Hii ni ya mtoto."

"Zilikuwa mbili kwenye kidole kimoja, baba. Wewe uliomba zifungwe zote zilizo kwa jina lake."

Evelyn alipata laini akiwa kidato cha tatu. Hakuwa na kitambulisho, kwa hiyo mama yake akamwekea kidole. Nani asiyefanya hivyo? Nusu ya watoto wa Kikatiti wanaongea kwa vidole vya mama zao. Yoeli hakuulizwa siku ile, wala hakuwa na sababu ya kuulizwa, yalikuwa mambo ya mama na binti. Na wakala naye hakusema kama ziko mbili. Alisema tu, "Zote, mzee?" na Yoeli akajibu, "Zote."

"Basi ifungueni. Aliyefunga ni mimi, na anayefungua ni mimi."

"Anayeweza kuifungua ni mwenyewe, kwa kidole chake."

"Mwanangu, mwenyewe amelala Kikatiti, tumemzika."

Naisula aliinamisha macho. "Najua, baba. Mfumo hauna sehemu nyingine. Na hata ungekuwepo utaratibu wa mirathi, mmechelewa. Namba ikishakaa bila mtu inauzwa upya. Hii iliuzwa mwezi wa nane. Sasa hivi iko hewani, ina mtu."

"Nani?"

"Siruhusiwi kusema. Ni siri ya mteja."

Akasukumwa kwa upole na namba themanini na nane.

Nje, mlinzi alikuwa amekisogeza kidumu mara mbili kukifuatisha kivuli, hadi kivuli kikaisha. Yoeli hakukitazama. Karibu na ngazi, chini ya mwavuli wa kampuni hiyohiyo, alikaa mwanamke wa makamo aliyekuwa akisajili laini na kuuza vocha, jina lake Skolastika, mtu wa Marangu. Alikuwa amemwona mzee anavyotoka.

"Mzee wangu, mbona umetoka kama umepigwa? Kaa hapa upumue."

Yoeli akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamweleza yote, na alipomaliza Skolastika alikuwa ameshika kiuno.

"Sasa si umpigie huyo mwenye namba? Namba si unayo?"

"Nitamwita nani? Sijui hata ni mwanamume au mwanamke."

"Jina ni dakika moja." Akachukua simu yake, akafanya kama anatuma pesa kwenye ile namba, akaishia pale mashine inapouliza kama una uhakika. "Huyu hapa. Naisiae Simel. Ni mama. Haya, mpigie, muda unakwenda."

Yoeli alimtumia kwanza Lucky ujumbe: mwambie Evelyn aombe namba sasa hivi. Kisha akapiga.

"Haloo." Nyuma yake mbuzi walikuwa wanalia na mtu ananadi vitunguu. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Ngaramtoni.

"Haloo, mama Naisiae. Habari za kazi?"

"Nzuri. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Yoeli Sumari, natokea Kikatiti. Samahani sana kwa usumbufu. Hiyo namba unayotumia zamani ilikuwa ya mwanangu."

"Ehe. Endelea."

Lile neno endelea alilichukulia kuwa ni wema. "Mwanangu yuko Ujerumani. Sasa hivi hapo kwenye simu yako utaingia ujumbe wenye namba sita. Nakuomba mama yangu, unisomee tu."

"Nikusomee."

"Ndiyo. Namba sita tu, mama."

Mwanamke alicheka, na kicheko chake hakikuwa na furaha hata kidogo. "Aisee, nyinyi watu hamchoki. Jina langu umelijuaje?"

Mtu mwingine angesema uongo hapo. Yoeli alisema kweli: kwamba walifanya kama wanamtumia pesa, jina likatokea.

"Enhee! Mnajua kazi yenu. Sikiliza mzee. Mwezi wa sita alinipigia mwenzako, sauti ya pole hivyohivyo kama yako. Nikaambiwa nimeshinda zawadi, nitaje namba zilizoingia. Nikazitaja. Mtaji wangu wa vitunguu wote, wote, ukaenda. Watoto wangu wamekula uji wa chumvi mwezi mzima. Hii laini nimenunua mwezi wa nane ili msinipate. Na mmenipata."

"Mama, mimi siyo..."

"Wa mwezi wa sita naye alikuwa siyo."

Akakata. Skolastika alisonya, akasema jaribu tena, ukipiga mara ya pili mtu anakuwa amepoa. Yoeli akapiga. Alikuwa Mmeru, lakini ameishi na jirani zake Waarusha maisha yake yote, kwa hiyo safari hii alimwamkia mwanamke yule kwa Kimaasai cha kwao.

"Yeyo, takwenya."

"Yaani hata Kimaasai mmejifunza," alisema Naisiae. Sauti yake safari hii haikuwa na hasira, ilikuwa imeumia. "Na ujumbe wenyewe umeshaingia hapa, wa Kizungu. Mungu anakuona, mzee."

Skolastika akaipokonya simu. "Dada yangu, hebu sikiliza, huyu mzee ni mtu mzima, niko naye hapa, analia..."

"Mko wangapi hapo?" aliuliza Naisiae, akakata tena.

Zilibaki dakika hamsini. Yoeli alirudi ndani bila namba ya foleni, akapita mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, na mlinzi akamfuata akimshika mkono wa koti. Alifika mezani kwa Naisula akiwa anahema.

"Mwanangu, nimempata. Ni mama wa sokoni Ngaramtoni, mtu mwema, ila ananiona tapeli. Wewe ni mtu wa kampuni. Mpigie tu, mwambie huyu mzee unamjua."

Naisula alitazama kushoto, akatazama kulia. Machozi yalimlengalenga, kwa kweli. Hakuwa binti mbaya.

"Baba, siwezi. Sisi ndio tunaowaambia wateja wasimpe mtu yeyote, hata sisi." Akainua kidole kuelekea bango. "Nikimpigia mteja nikamwomba namba zake, simu zetu zinarekodiwa. Nitakuwa nimemwaga unga."

"Basi mwambie tu kwamba mimi ni mimi."

"Nitathibitishaje, baba? Laini haikuwahi kuwa ya binti yako. Kwenye kumbukumbu zetu Evelyn hayupo."

Hilo lilimwingia Yoeli kuliko yote yaliyotangulia. Alitoka nje mwenyewe, mlinzi hakuhitaji kumsukuma.

Alipiga mara nne haikupokelewa. Ya tano ikapokelewa.

"Mama Naisiae, usikate. Nakuja ulipo. Unione uso kwa uso. Nina kitambulisho changu, nina cheti cha kifo cha mke wangu, nina cheti cha ubatizo cha huyo mtoto."

"Njoo polisi basi. Nikukute kituoni."

"Nakuja. Kituo kipi?"

Yoeli alisikia mteja akimwuliza Naisiae bei ya debe, asijibiwe. Kwa mara ya kwanza mama yule alikuwa anafikiri.

"Unakuja polisi kweli?"

"Kweli kabisa, sasa hivi naondoka. Kutoka hapa mpaka huko ni nusu saa na zaidi, mama, na saa saba ndiyo mwisho wa mtoto wangu. Nisomee kwanza. Halafu nakuja, wanifunge kama ni kunifunga."

Alikuwa amekosea. Alijua palepale, maneno yakiwa bado mdomoni. Nisomee kwanza: hilo ndilo neno lao wote.

"Ndiyo hapo," alisema Naisiae taratibu. "Nilitaka kukuamini, mzee. Karibu unipate." Akakata.

Yoeli alipojaribu kupiga tena simu haikuita. Alifikiri salio limekwisha, akamwambia Skolastika amuwekee vocha. Vocha haikuingia. Skolastika aliichukua ile simu, akaigeuza, akaizima na kuiwasha, kisha akaishika kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, amekuripoti. Ukiripotiwa kwa utapeli wanafunga kwanza, maswali baadaye."

Juu ya kioo, kwenye laini yake mwenyewe, aliyoisajili kwa kidole chake mwenyewe akiwa na kitambulisho chake halali, pameandikwa: Hakuna huduma.

Watu wanaopanda ngazi za duka walimpita mzee aliyekaa juu ya ndoo. Mlinzi alikuja kusema kidumu kimeanza kutoa harufu na meneja hapendi. Skolastika akamjibu kwa Kichaga kitu ambacho hakikuhitaji kutafsiriwa, akakibeba kidumu mwenyewe hadi mtaroni, akarudi. Kisha akafungua simu yake. "Washa wasap yako. Nakurushia intaneti ya kwangu. Angalau uongee na mtoto."

Ilikuwa saa saba kasoro dakika sita. Evelyn alipokea kabla simu haijaita mara ya pili. Uso wake ulijaa kioo chote, umekonda, na nyuma yake Lucky alikuwa amesimama na mikono kifuani.

"Baba, nimeomba namba mara tatu. Umeziona? Nisomee."

"Evelyn."

"Nisomee baba, zimebaki dakika chache."

"Evelyn mwanangu, ile laini ina mtu mwingine. Niliifunga mimi."

Akamweleza. Alimweleza vibaya, akianzia mwisho, akirudia tangazo la kanisani na neno zote, huku dakika zikiyoyoma mbele yao wote wawili na hakuna anayeweza kuzizuia. Alipomaliza, binti alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Hukujua, baba," alisema. "Si kosa lako. Mimi ndiye sikukwambia."

"Nilitaka kufanya sawa."

"Najua."

Alikuwa anatazama pembeni, kwenye kioo cha kompyuta ya Lucky. Yoeli alijua anatazama nini, na hakuuliza. Alimwona tu akiinamisha kichwa, na mkono wa Lucky ukishuka begani kwake.

"Ukurasa wa chuo umefungwa, baba."

Yoeli alitaka kulia, lakini mbele ya mtoto alishindwa. Akamwuliza kama amekula. Evelyn akasema amekula, na wote wawili walijua hajala.

"Nitarudi ofisini kwa yule mama nikamwombe," alisema Evelyn. "Hawatakubali, lakini nitaenda. Jioni Lucky ataniazima tena simu, nitakupigia. Usizime simu, baba. Sina mtu mwingine wa kuongea naye."

"Sizimi," alisema Yoeli.

Alibaki ameishika simu iliyokuwa inaishi kwa intaneti ya mtu mwingine. Skolastika alikuwa na watoto wake wa kuwapikia, saa tisa angefunga mwavuli na kwenda nao. Jioni Kikatiti hakuna wa kumrushia. Yoeli akasimama, akafunga vifungo vya koti, akaingia tena dukani na kuchukua namba ya foleni, mia moja na arobaini.

Saa tisa na nusu alikuwa mbele ya Naisula.

"Laini yangu imefungwa," alisema. "Naomba inirudie leo. Kuna mtu atapiga."

Naisula alimwekea mashine, Yoeli akaweka kidole, na mashine ikamtambua mara moja bila shida yoyote. Binti akasoma, akashusha pumzi.

"Imefungiwa kwa udanganyifu, baba. Kuna fomu moja. Ukiijaza, inafunguliwa kabla ya saa mbili usiku."

Akamsogezea. Yoeli alivaa miwani, akaisoma yote, kama alivyozoea. Mimi, nafasi, nakiri kwamba nimetumia laini yangu kujaribu kumlaghai mteja mwingine. Naomba radhi. Naahidi kutorudia.

"Mwanangu, wewe unajua nilichokuwa nafanya."

"Najua, baba."

"Hapa hakuna pa kuandika kwamba sikulaghai mtu?"

"Hiyo ni barua ya rufaa. Inakwenda Dar, inachukua siku thelathini. Laini inabaki imefungwa."

Nyuma yake watu walianza kunung'unika. Miaka kumi na tisa alikuwa amekusanya sadaka za usharika na hakuna aliyewahi kumkagua mifuko. Aliwaza jinsi ambavyo Ruth angemtazama. Kisha akamuwaza Evelyn akipiga jioni, akiambiwa kwa Kiswahili na sauti ya mashine kwamba namba anayopiga haipatikani, na hapo hakukuwa tena na la kuwaza. Akaandika jina lake lote kwenye nafasi ya kwanza.

Chini yake kulikuwa na mstari mmoja zaidi: Eleza ulichotaka kukipata kwa mteja kwa njia ya udanganyifu. Yoeli alikaa na kalamu hewani kwa muda mrefu, hata Naisula akageuza uso pembeni. Mwisho aliinama, akaandika polepole, herufi moja baada ya nyingine: Namba sita za mwanangu Evelyn.

Akasaini. Naisula akaisoma, akagonga muhuri, na kumwomba aweke kidole tena.